Njema, Halafu Mengine

Nyumbani kwetu Barabara ya 14, Ngamiani, mjini Tanga, kulikuwa na baraza ya saruji iliyopasuka upande wa kushoto. Kila siku baada ya Magharibi alipita muuza kahawa, mkono mmoja umebeba dele juu ya jiko la mkaa, mwingine unagonganisha vikombe. Mlio ule ukisikika, wanaume wa mtaa walitoka mmoja mmoja wakaja kukaa.

"Mgosi, habari za kutwa?"

"Njema."

"Za nyumbani?"

"Njema."

"Watoto?"

"Wazima, alhamdulillahi."

Baada ya njema tatu au nne, ndipo mtu aliposema: "Ila huyu wa pili ana homa, leo siku ya tatu, na dawa hakuna."

Nilikuwa na miaka kumi na moja na jambo hilo liliniudhi. Niliona watu wazima wanadanganyana mchana kweupe. Siku moja nikamwuliza baba kwa nini anajibu njema na huku nyumbani hakuna unga. Hakukasirika. Alisema: "Ya unga nitayasema. Kwanza namaliza yaliyopo."

Huo ulikuwa mwaka 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha; Kampala ilikuwa imetwaliwa Aprili 11, 1979, na Mwalimu Nyerere alikuwa ametuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, ikafuata mingine, na mikanda haikulegezwa. Sisi wa Tanga tulikuwa na jeraha letu la ziada, nalo ni mkonge. Zao lile lililoanza na miche 62 iliyonusurika safarini ikapandwa Kikogwe, Pangani, mwaka 1893, lilikuwa limefika zaidi ya tani 200,000 nchini kote mwaka 1964. Mwaka 1980 hazikutimia hata 100,000. Kamba za nailoni ziliivunja bei, na mashamba yakaanza kuota nyasi. Baba alikuwa kuli bandarini. Kazi yake ilikuwa kupakia marobota ya katani kwenye matishali, maana meli zilitia nanga mbali. Marobota yalipopungua, siku zake za kazi nazo zilipungua.

Sukari, mchele, khanga, sabuni, vyote vilikuwa vya foleni. Tulipanga mawe mbele ya duka tangu alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, na ole wake aliyesogeza la mwenzake. Unga uliopatikana ulikuwa wa manjano, uliotoka Marekani, tuliouita yanga. Mara nyingi mlango wa duka ulifunguliwa, tukaambiwa vitu vimekwisha, na kila mtu akaondoka na kikapu kitupu.

Nikumbukapo miaka ile, kwanza humwona mama na majani ya mpapai. Sabuni ilipokosekana aliyaponda kinuni, akayakamua ndani ya beseni, maji yakawa ya kijani. Alipoanza kusugua nguo, povu jepesi likatokea, dogo, la kupotea mara moja. Mara ya kwanza lilipotoka alituita sote uani tulitazame. Jioni jirani alipompigia hodi na kumwuliza habari za kutwa, mama alijibu: "Njema, mwenzangu. Majani yametoa povu." Shati langu la shule lilikauka na ukijani kwenye kola, na nilikwenda nalo shule hivyo hivyo.

Kule barazani, sukari ilipoadimika, chai ndiyo iliyoumia. Tuliinywa bila sukari, na aliyebahatika aliuma kipande cha sukari guru pembeni. Kahawa haikuumia. Kahawa ya barazani tangu asili ni chungu, haijawahi kudai sukari. Kilichopotea ni kashata tu. Mzee mmoja alikuwa akiinua kikombe chake na kusema, "Hii haina foleni," na wenzake wakaitikia kama wanaoitikia dua.

Jumapili nayo ilikuwa yetu. Mafuta yalikuwa haba, na serikali ilikataza magari binafsi kutembea kuanzia saa nane mchana. Mji wa Tanga ni tambarare na watu wake ni wa baiskeli, kwa hiyo barabara zote zikawa zetu. Baba alinipakia mbele, dada yangu nyuma, tukateremka hadi Raskazone kuoga baharini. Nilizisikia pumzi zake utosini mwangu njia nzima. Hakuna safari ya gari niliyopata baadaye ambayo naikumbuka hivyo.

Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akashika nchi, mambo yakawa ruksa. Mama alipopata mche wa kwanza wa sabuni aliukata kwa uzi vipande sita. Cha kwanza alinituma nimpelekee jirani yule yule.

Madukani vitu vikajaa. Sijui ilianza lini hasa, lakini nadhani ni katika miaka hiyo ya vitu kurudi ndipo salamu zetu zilipoanza kufupishwa. "Vipi?" "Hali ngumu." Tukaingia kwenye malalamiko bila kupita popote. Na mimi nilikuwa mmoja wa walalamikaji. Mwaka 1994 kiwanda nilichofanyia kazi kilifungwa, kama vilivyofungwa vingine vingi vya Tanga miaka ile. Nilirudi kwenye baraza ya baba nikiwa na mke na binti wa miaka sita, na kila aliyeniuliza habari nilimmwagia yote kwa mkupuo. Niliona macho yao yakitafuta pa kukimbilia.

Jioni moja rafiki wa baba aliniuliza za kutwa. Nikafungua kinywa. Baba, ambaye wakati huo alikwisha acha kazi ya bandari na mikono yake ilikuwa ikitetemeka, alinisogezea kikombe akasema, "Kunywa kwanza." Nikanywa. Ilikuwa moto na chungu. Nikasema, "Njema, mzee. Leo mtoto amejua kuendesha baiskeli. Ametoka hapa hadi kwenye kona ile bila kushikwa." Sauti ilinikwama, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa nimeliona jambo hilo na sikulihesabu. Kisha nikaeleza ya kazi. Safari hii walinisikiliza hadi mwisho, na mzee yule akanitajia mtu wa Pangani aliyekuwa akitafuta karani wa ghala la nazi. Nilifanya kazi huko miaka minne.

Tangu hapo nimeacha kuiita njema uongo. Baba hakuwahi kuificha njaa yetu. Aliisema, ila baada ya kahawa.

Alifariki mwaka 2009. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona na ndoo za kunawia zikawekwa kila mlango, tuliacha kushikana mikono barazani, na kila mmoja alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani. Tulikaa mbali mbali, tukiulizana kwa sauti ya juu zaidi. Wapo walioondoka mwaka ule na mwaka uliofuata, na nafasi zao tunazijua.

Sasa meli zinatia gati moja kwa moja Tanga na matishali hayahitajiki kama zamani. Natamani baba angeliona hilo. Kashata zimerudi, za nazi na za karanga. Ule ufa wa baraza haujazibwa. Ukipita Barabara ya 14 baada ya Magharibi, karibu uketi nasi. Kaa upande wa kulia.