Kipakatalishi Kidogo na Amana ya Hesabu



Wasomaji wetu watukufu, kina mama na kina baba, barua ya wiki hii twaiandika tukiwa Ruring'u, nje kidogo ya mji wa Nyeri, penye baridi ambayo watu wa pwani huisikia kwa masimulizi tu. Twataka kuzungumza juu ya uchaguzi wa kipakatalishi, ile tarakilishi ya kupakata ambayo vijana huiita laptopu, kwa mama mwenye biashara ndogo. Huenda mkauliza, sheikh na mashine wapi na wapi? Jibu limo katika mirathi.

Mwaka uliopita tuliitwa hapa kusimamia mirathi ya ndugu yetu mmoja, fundi wa cherehani na muuza nguo, aliyeacha mjane na watoto watatu. Utaratibu wa mlango huo wajulikana: huanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawiwe. Mjane wa mume aliyeacha watoto fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane. Lakini moja ya nane ya kitu gani? Marehemu aliacha madaftari matatu. La kwanza lilikuwa limeingia maji ya mvua, la pili limejaa majina ya utani, la tatu halina hata tarehe moja. Waliokuwa wakimdai marehemu walifika mapema, na kila mmoja alikumbuka haki yake mpaka senti. Waliokuwa wakidaiwa naye fedha za sare za shule hawakuonekana sana. Hatumtuhumu mtu. Twasema tu kwamba mali ya mayatima ilipungua mbele ya macho yetu, na hapakuwa na mwizi wa kumshika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandika deni, nasi hatukupata kuuona uzito wake kama tulivyouona siku ile juu ya meza yenye madaftari yale.

Mjane alikaa eda yake ya miezi 4 na siku 10, kisha akafungua tena duka. Hushona sare, huuza mabuibui na leso aletewazo kutoka Mtaa wa Biashara, Mombasa, na baadhi ya siku hupanda matatu na mzigo wake kwenda soko la Karatina. Alipopata zamu yake katika chama cha kina mama, alituambia, "Sheikh, nataka kuandika hesabu zangu mahali ambapo wanangu wataweza kuzisoma. Lakini mashine yenyewe iingie mkobani pamoja na utepe wangu wa kupimia." Tukaanza naye safari ya kutafuta. Tuliyojifunza katika safari hiyo ndiyo haya, maana tunajua kwamba wengi wenu huko pwani mnauza halua, viungo, udi na nguo, na haja yenu ni moja na yake.

Jambo la kwanza ni kuitaja kazi kabla ya kuitaja mashine. Mwenye kuuza mahamri ishirini kwa siku yatosha awe na daftari zuri na simu, na kununua zaidi ya haja ni israfu. Lakini mwenye wadeni arubaini, bidhaa za aina nyingi, taarifa za M-Pesa za kulinganisha kila mwisho wa mwezi, na ankara za eTIMS zinazotakiwa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya, huyo kioo cha simu kitamchosha macho na kumkosesha tarakimu. Mjane wetu alikuwa wa kundi hili la pili.

La pili ni ukubwa. Mwaka 2007, mwaka uleule ambao M-Pesa ilianza nchini kwetu, kampuni ya Asus ilitoa kijitarakilishi chenye kioo cha inchi 7 kilichoitwa Eee PC. Kilikuwa chepesi na rahisi, lakini vibonye vyake vilikuwa vidogo mno kwa vidole vya mtu mzima. Funzo lake lingali linafaa: udogo una mpaka. Kwa kazi ya hesabu, kioo cha inchi 12 hadi 14 chatosha, na uzito wa kilo moja na robo au karibu yake haumlemei mama aliyebeba nguo na mtoto.

La tatu ni yaliyomo ndani. Wauzaji hupenda kusifu rangi na wembamba. Ulizeni mambo mawili. Kwanza ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, waiitayo RAM: gigabaiti 4 hutambaa, gigabaiti 8 hutembea vizuri. Pili ni ghala la kuhifadhia: liwe la aina ya SSD, lisiwe diski ya zamani izungukayo, kwa kuwa SSD huwaka upesi na haidhuriki kwa urahisi na mitikisiko ya matatu. Ama programu ya hesabu, si lazima kununua. LibreOffice hutolewa bure na ina majedwali ya kutosha duka lolote dogo, nayo ni bora kuliko kutumia nakala ya wizi ya programu ya kulipia, ambayo ni haki ya mtu na mara nyingi huja na virusi.

La nne ni umri. Hapa Nyeri, kama Mombasa na Nairobi, mashine nyingi za bei nafuu ni zile zilizokwisha tumiwa ng'ambo, ziitwazo Ex-UK. Hazina ubaya kwa asili yake. Lakini kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huhitaji, kwa mashine za Intel, kichakato cha kizazi cha 8 au baada yake. Basi isomeni nambari: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, i5-6300U ni ya kizazi cha 6. Katika madogo ya mwaka 2018 tuliyaona Lenovo ThinkPad X280, Dell Latitude 7290 na HP EliteBook 830 G5. Yote yafaa, ila RAM ya ile X280 imegandishwa kiwandani na haiongezeki, kwa hiyo mnunuzi ahakikishe imetoka na gigabaiti 8 au zaidi.

Mkiwa dukani msione haya kukagua. Bonyezeni kila kibonye. Fungueni na kufunga bawaba mara kadhaa. Mwambieni kijana aandike amri ya powercfg /batteryreport, itoe taarifa ya betri: kiasi ilichoundwa nacho na kiasi inachojaa leo. Ikiwa imebaki nusu, bei nayo ishuke. Zimeni na kuwasha, muone kama inadai nywila ya kampuni iliyoimiliki zamani. Mwisho, takeni risiti yenye nambari ya mashine ileile iliyoandikwa chini yake, kwa maana kununua kitu cha wizi kwa kujua ni kushiriki wizi.

La tano ni namna ya kulipa, na hapa tulisimama kwa muda mrefu. Duka moja lilimpa mjane wetu mashine mpya kwa shilingi 55,000 taslimu, au mafungu 12 ya shilingi 6,200, yaani jumla 74,400. Jumhuri ya wanavyuoni haioni kuwa bei ya kuahirisha kuzidi ya taslimu ni riba, maadamu pande mbili zimekubaliana juu ya bei moja kabla ya kuachana. Lakini tulipousoma mkataba, chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na nyongeza kwa kila siku ya kuchelewa. Deni linalokua kwa kuchelewa ndiyo riba yenyewe. Mama akaukunja ule mkataba, akaurudisha kwa adabu, akatoka. Siku ya tatu alipata Latitude iliyotumika kwa shilingi 28,000, akailipa yote kwa fedha za chama.

Nanyi wa pwani mna jambo lenu: hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula vyuma vya ndani. Msiiweke mashine dirishani pa upepo wa bahari, ifunikeni isipotumiwa, na pelekeni kwa fundi aisafishe vumbi kila mwaka.

Limebaki lililo kubwa kuliko bei. Hesabu iliyo mahali pamoja ni kama daftari lile lililoingia maji. Kila Alhamisi usiku mjane wetu hunakili majedwali yake katika kijiti cha kuhifadhia, na kijiti hukaa nyumbani kwa dada yake. Nywila ameiandika kwa mkono, akaitia ndani ya bahasha pamoja na wasia wake. Mali ya mke ni yake, wala mume hana ruhusa ya kuifungua mashine ya mkewe bila idhini yake. Lakini mke na mume wote wawili wanapaswa kujua bahasha iko wapi.

Juma hili tulimkuta mwanawe mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, akimsomea mamake orodha ya wadeni wa sare, jina, tarehe na kiasi, naye mama akithibitisha huku mguu uko kwenye cherehani. Walikuwa wamefika wa ishirini na saba.

Mwenyezi Mungu atubarikie chumo la halali na atulindie mali za mayatima wetu. Wabillahi tawfiq.