Mizani Mbili

Kwa miaka 11 nililipwa mshahara wa kuhesabu mizani. Nilikuwa mhariri wa ukurasa wa mashairi katika gazeti moja la Dar es Salaam, na kila Jumatatu tarishi alinibwagia mezani mfuko wa bahasha. Nilisoma huku nikigonga ukingo wa meza kwa vidole: silabi nane za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na nane za utao, nusu ya pili. Shairi likipungua au kuzidi, ni guni, linarudi kwa mwenyewe. Ubishi uliowaka mwaka 1974, mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi bila kujali vina, ulikuwa haujazimika. Mimi nilikuwa upande wa wazee walioshikilia vina na mizani, tena kwa majivuno.

Siku moja ikaja karatasi ya daftari, imeandikwa kwa penseli. Mtunzi, mama wa kijijini, aliomba jina lake lisichapwe. Mshororo wa kwanza ulisema: Nimemzika mwanangu, maziwa yatoka.

Nikagonga meza. Ukwapi nane, utao sita. Nikachukua fomu yetu ya majibu, nikajaza pale penye nafasi: guni, mizani mbili zimepungua, rekebisha. Sikuandika pole.

Baada ya wiki tatu ikarudi. Penseli ileile, karatasi ileile, ila palikuwa pamefutwa mpaka pamekwanguka. Sasa alisema: Nimemzika mwanangu, maziwa bado yatoka.

Vidole vyangu havikugonga. Nilitoka nje, nikasimama kibarazani na karatasi mkononi mpaka mpiga chapa akaja kuniulizia ukurasa.

Wako wanaodhani vina na mizani ni pambo la kufunikia uchungu. Lakini mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3, kuanzia 1969, kwa waraka wake Kenya: Twendapi?; diwani yake Sauti ya Dhiki aliitunga gerezani, juu ya karatasi za chooni, na hata humo hakuacha kupima. Kabla ya yule mama nilimsifu kwa ufundi tu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba anayetafuta mizani mbili hana budi kurudi palepale alipotaka kupita mbio, na akae hapo mpaka neno lije.

Hilo halinitoi hatiani. Niliyemrudisha mama yule kaburini kwa mwanawe ni mimi, tena kwa fomu.

Shairi tulilichapa, bila jina. Fomu zilizobaki nikazichana. Tangu siku hiyo majibu niliyaandika kwa mkono, yakianza na salamu, na pole penye msiba, ndipo nihesabu.

Sasa nimestaafu. Mwaka jana nilifiwa na mke wangu, na kila jioni naketi na penseli, nagonga meza. Ukwapi ulinijia usiku wa arobaini. Utao bado.