Rimu Iliyopasuka

Kengele ya shule aliyosoma fundi huyu, huko Kanyangi, Kitui, ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkwaju. Ilipopata ufa mlio ulififia, na watoto wa mbali wakawa wanachelewa. Kitui ya ndengu na kiangazi aliiaga angali kijana, akashuka Mombasa kutafuta kazi.

Katika karakana ya injini za dizeli, Mzee mmoja alimfundisha turbochaja. Aliitoa rota, akakwangua masizi, maana masizi hunyonya mlio, kisha akagonga panga moja baada ya jingine kwa kijiti. Nding, nding, nding. Halafu: tep.

"Umesikia, mwanangu? Hilo lina ufa."

Jicho halikuona kitu. Walipopaka rangi ya kupimia nyufa, mstari mwekundu, mwembamba kama unywele, ukajitokeza kwenye shina la panga. Kijana akaikumbuka ile rimu.

Ubishi ulikuja miaka mingi baadaye, kwenye kituo kimoja cha umeme. Kijana, sasa fundi, aliomba rota ya turbochaja ifunguliwe. Msimamizi akakataa: sensa iliyofungwa juu ya gamba ilionyesha mtetemo mdogo. Wiki chache baadaye panga likakatika, likayang'oa mengine.

Kuhusu hilo fundi huyu hajakubali kunyamaza hadi leo. Sensa ya gamba husoma mtetemo wa shafti na beringi. Panga ni jepesi, laweza kutetemeka hadi likafa bila gamba kuhisi. Rota ikizunguka mara 20,000 kwa dakika, ni kama mara 333 kwa sekunde. Nozeli zikiwa 24, kila panga hupigwa na moshi takriban mara 8,000 kwa sekunde. Mapigo hayo yakilingana na mlio wa asili wa panga, mtetemo huvimba, chuma huchoka. Mhandisi Wilfred Campbell aliyachora mambo haya huko Marekani miaka ya 1920! Leo zipo sensa zinazotazama ncha ya kila panga ikipita: ikiwahi au ikichelewa, panga linapinda. Vijana, ulizeni sensa yenu inapima nini kabla ya kuiamini.

Sasa mvuke wa ardhini wa Olkaria umezisukuma kando injini nyingi za dizeli, na fundi amestaafu. Kijiti cha Mzee anacho. Daftari la zamu pia alilinakili: ombi lake, tarehe, na chini yake neno moja la msimamizi, "Haihitajiki", pamoja na sahihi.