Gari Linapogoma Alfajiri

Iwapo gari lako kuukuu la gia otomatiki hugoma alfajiri, kisha hukubali likipata moto, usikimbilie kununua giaboksi. Mimi nilikwisha toa akiba ya ada ya mtoto. Kila asubuhi, nikitaka kuondoka Bagamoyo kwenda kazini Dar es Salaam, niliweka gia, injini ikanguruma, gari lisisogee.

Fundi mmoja mzee wa Mapinga alinizuia. Gari likiwa mahali tambarare, limepata moto na injini inanguruma, alichomoa kijiti cha kupimia. Oili ya gia ilikuwa chini ya alama, lakini nyekundu. Ingekuwa nyeusi yenye kunuka kuungua, habari ingekuwa nyingine. Oili pungufu ikipoa hunywea, pampu ikavuta hewa. Ikipata moto hutanuka. Akabadili sili iliyokakamaa na kuvuja, akajaza oili. Ada nikairudisha kabatini.