Mtima Badala ya Moyo

Zamani, shairi fupi likimfikia mhakiki lilihesabiwa kwanza. Ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, mizani 8; utao, nusu ya pili, 8; vina vikae mahali pake. Likipungua silabi moja, kosa limepatikana na kazi imekwisha. Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alitia kitabuni mambo ambayo washairi wa magazeti kama Mambo Leo walikwisha kuyashika kwa sikio. Kitabu hakina lawama. Uvivu ulikuwa wetu wasomaji, tuliodhani kuhesabu ndiko kuhakiki. Moyo una silabi mbili. Mstari ukidai tatu, mtunzi huleta mtima. Ukizidi moja, kama hugeuka ja. Ruhusa hiyo iliitwa uhuru wa mshairi, jina la heshima kabisa, na ni nadra mtu kuuliza iwapo mtima umebeba kitu ambacho moyo haukibebi, au umeitwa kuziba pengo.

Mwaka 1974 kikatoka Kichomi, diwani ya Kezilahabi ya mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Watu waligombana sana kuhusu vina, na kwa maoni yangu waligombea lililo dogo. Kubwa ni kwamba alitaka shairi liandikwe kwa lugha ya mazungumzo ya kila siku. Hapo mhakiki akapokonywa maficho yake: pasipo mizani ya kuhesabu, limebaki neno lenyewe, na lazima aseme linafanya kazi gani. Wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, hujibu kwamba mizani ndiyo inayobana maneno ya ovyo. Kweli, mikononi mwa fundi hubana. Mikononi mwa mwanafunzi ndiyo inayoyaalika. Wengine, hasa watunzi wa mashairi huru (nao wana maficho yao), husema shairi ni fumbo, na anayedai uwazi analiua. Basi tuangalie kitendawili. Nyumba yangu haina mlango: hakuna neno hata moja hapo linalomshinda mtoto, na bado yai limefichika. Mtegaji anajua jawabu. Mtunzi asiyeweza kutaja jawabu la fumbo lake hajafumba kitu, amekanganya tu.

Kwa hiyo ukiletewa shairi la beti mbili, usianze kuhesabu. Mwombe mtunzi mwenyewe alisimulie kwa maneno ya kawaida, kisha mwonyeshe kila neno ambalo hakulihitaji.