Goma, na Vita vya Baba Zetu

Msafiri atokaye Gisenyi kuingia Goma havuki mto wala mlima. Avuka kizuizi cha mpaka tu, na mara hujikuta akikanyaga mawe meusi. Mawe hayo ni ya Nyiragongo, mlima wa moto wenye urefu wa mita 3,470. Tarehe 17 Januari 2002 moto wake wa majimaji ulishuka hadi katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Kwa mawe yaleyale watu wa Goma wamejenga kuta na nyumba zao. Nasi twaona kwamba hiyo ndiyo sifa ya mji huo, kupita hata uzuri wa ziwa.

Tulipita huko kabla ya Januari 2025, mwezi ambao mji ulitwaliwa na kundi la M23. Nia yetu ilikuwa kufika Kibati, kaskazini ya mji, chini ya mlima.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Goma ilikuwa kituo kidogo cha Wabelgiji, na Gisenyi ilikuwa ya Wadachi. Mwezi wa Septemba Wadachi wakakiteka kisiwa cha Ijwi. Baadaye Jenerali Tombeur aliweka makao yake Kibati. Vikosi vya Kanali Molitor vikaingia Rwanda, vikafika Kigali mwezi wa Mei 1916, na tarehe 19 Septemba Tabora ikatwaliwa. (Wasomaji wetu wa Tabora waujua mwisho wa habari hiyo kuliko sisi.)

Ramani za vita hivyo zina mishale mizuri, lakini haziuonyeshi mzigo. Risasi, unga, dawa na hema vilisafiri vichwani mwa watu, mlima kwa mlima. Wapagazi wengi walikufa kwa kuhara damu, kwa kichomi na kwa njaa, wala hawakuwa wamemwona adui.

Katika Vita vya Pili wana wao wakaitwa. Mwaka 1941 jeshi la Force Publique lilipigana na Waitalia huko Uhabeshi, likatwaa Asosa na Gambela mwezi wa Machi; tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera akasalimu amri huko Saio. Wengine walipelekwa hata Burma kuwahudumia majeruhi. Mmoja wao, Koplo Albert Kunyuku, alivikwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa mwezi wa Juni 2022. Vita vilikuwa vimekwisha miaka 77 iliyopita.

Huko Uingereza watoto wa wanahewa wa ndege za mabomu wana njia nyepesi zaidi ya kuwaheshimu baba zao. Ndege ya Lancaster ilibeba watu saba, na mwanahewa alikuwa na daftari lake la safari: tarehe, saa, mji uliolengwa. Mwana akilikuta daftari hilo sandukuni, aweza kumfuata baba yake usiku kwa usiku. Mjini Lincoln majina karibu 58,000 ya waliokufa yamechongwa katika kuta za chuma. Twaona ni haki, ingawa miji iliyoungua chini yao nayo ilikuwa na akina baba na watoto.

Mpagazi wa Kibati hakuwa na daftari. Aliye na babu wa namna hiyo hana budi kutafuta kwingine: katika kitabu cha ubatizo cha misioni, ambamo mara nyingine huandikwa kijiji cha baba, katika jina la shangazi aliyezaliwa mzazi akiwa vitani, na kwa wazee, kabla hawajatutoka. Watoto wa shule waweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko sisi wakubwa, kwa kuwa wazee huwasimulia wajukuu mambo wasiyotuambia sisi.

Huko Kibati tulimwuliza mzee mmoja habari za wale waliobeba mizigo. Akafikiri kitambo, akataja majina mawili ya ukoo wake. La tatu lilimponyoka. Akamwita dada yake aliyekuwa akipalilia maharage ng'ambo ya njia, naye akalitaja bila kuinua jembe. Tuliyaandika yote matatu. Mzee akaomba karatasi ile abaki nayo, aipeleke parokiani mwezi wa Novemba, marehemu wanapoombewa.