Kuingia Kongo kwa Baiskeli

Mwenye kusafiri kwa motokaa huipita nchi. Mwenye kusafiri kwa baiskeli huingia ndani yake. Jua la nchi ile humchoma, vilima vyake humshusha kitini akasukuma kwa miguu, na jioni ifikapo hana budi kubisha hodi kwa watu asiowajua. Na ikiwa mfuko wake ni mwepesi, ajifunza jambo moja ambalo fedha haimfundishi mtu: jinsi ya kukaribishwa.

Mwezi wa Agosti 2024 sisi wanne, waamini wa Kigoma, tulifunga safari ya kwenda Uvira, mji wa Kongo ulioko karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Tulitaka kuhudhuria sherehe ya kutangazwa Wenyeheri wanne waliouawa katika nchi ile mwaka 1964. Fedha zetu zilikuwa chache: tungelipa nauli ya kwenda na kurudi, tusingebakiwa na chakula. Baiskeli tulikuwa nazo. Tukazikaza minyororo, tukafunga mablanketi na sufuria moja nyuma, tukaondoka.

Tulipitia Manyovu, tukaingia Burundi, tukateremka mpaka Nyanza-Lac, kisha tukaifuata pwani ya ziwa kupitia Rumonge hadi Bujumbura. Hapo Manyovu mambo mawili hubadilika mara moja: saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na magari hushika upande wa kulia wa barabara. Mwendesha baiskeli asiyejikumbusha hilo kila asubuhi ajitafutia kaburi. Siku zile petroli ilikuwa adimu sana katika Burundi. Motokaa zilisimama foleni ndefu vituoni, nasi tukazipita polepole kama matajiri.

MPAKANI

Kutoka Bujumbura njia ya Uvira ni tambarare. Hupita juu ya daraja la mto Ruzizi, kisha katikati ya Gatumba, mahali palipoteswa sana na maji. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda kuliko kawaida yake, na kutani mwa nyumba nyingi tuliona alama ya matope imepita kama mstari wa chaki. Mbele yetu milima ya Kongo ilisimama wima, buluu asubuhi, kijani tulipoikaribia.

Mto huo Ruzizi uliwasumbua wasafiri wa zamani. Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858, wakitaka kujua kama mto unatoka ziwani au unaingia ziwani, kwa maana walikuwa wakitafuta chanzo cha Nili. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Hawakufika kwenyewe, na huko Ulaya ubishi ukaendelea miaka mingi, mpaka Livingstone na Stanley walipokwenda kuutazama mwaka 1871. Wakaona unaingia, kama wenyeji walivyosema. Basi, msafiri aliye na masikio hujiokolea taabu nyingi.

Tulifika mpakani Kavimvira tarehe 16 Agosti. Siku mbili kabla yake Shirika la Afya Ulimwenguni lilikuwa limetangaza hatari ya ugonjwa wa mpox, ambao ulikuwa umeenea hasa katika Kivu ya Kusini, ndiyo jimbo la Uvira. Tulinawa mikono kwa maji yenye dawa, na hapana mtu aliyempa mwenzake mkono. Watu waliamkiana kwa kuweka kiganja kifuani. Tulijiuliza mioyoni: je, nani atampokea mgeni mwenye vumbi la nchi mbili, wakati watu wanaogopa hata mkono wa ndugu?

Ofisa mmoja akatutazama kwa makini, akauliza, “Munatoka wapi na hizi kinga?” Mwenzetu mmoja aliposikia kinga, upesi akatoa kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano. Ofisa akacheka, na watu wote waliokuwapo wakacheka pamoja naye. Kumbe katika Kiswahili cha huko kinga ni baiskeli! Kadi nayo ilitakiwa, basi akaipokea. Kisha akauliza kama kinga zetu ni za kuuzisha. Tukajibu kwamba tunakwenda kwenye sherehe ya mashahidi wa Baraka na Fizi. Akagonga mihuri, akasema, “Muende na Mungu, batoto ba Kigoma.”

MJI KATI YA MLIMA NA MAJI

Uvira ni mji mrefu na mwembamba. Upande mmoja milima, upande wa pili ziwa, na katikati barabara inayokwenda kusini mpaka bandari ya Kalundu. Mito hushuka kwa kasi kutoka milimani na kuukata mji. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Makumi ya watu walikufa na nyumba nyingi zikachukuliwa. Kwa hiyo watu wa Uvira huogopa maji ya pande mbili: yale yanayoshuka kwa ghafula na yale yanayopanda polepole.

Tulitazamia kulala katika darasa, juu ya mikeka. Lakini jioni ile mama mmoja wa jumuiya ndogo ya Kikristo alikuja kututazama, akasema nyumba yake ina chumba kimoja kikavu. Vingine viwili viliingiwa na maji ya ziwa. Wanawe wakahamia kwa jirani ili sisi tulale. Akatuandalia bugali wa muhogo, sombe, na ndagala za kukaanga. Sisi kwetu twasema kisamvu na dagaa. Samaki tumwitaye mgebuka, huko ni mukeke. Majina ni mbalimbali, sufuria ni moja, kwa sababu ziwa ni moja. Nchi nne hunywa maji yake, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia.

Asubuhi tukatoa fedha kidogo tulizoziweka kwa ajili ya chakula. Mama yule akaisukuma mikono yetu. “Mugeni halipe chakula kwa mama yake,” akasema. Tukanyamaza. Mtu aliyezoea kulipa huona ni vigumu kupokea, maana kulipa humwacha huru, bali kupokea humfunga kwa deni la upendo. Siku mbili tulikaa kwake. Tulimtekea maji, tukamtengenezea baiskeli ya mwanawe iliyokatika breki. Fedha zetu tukazitia katika sadaka ya Misa.

WALE WANNE

Jumapili, tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, aliwatangaza kuwa Wenyeheri Padre Luigi Carrara, Padre Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin, na Padre Albert Joubert. Watatu wa kwanza walikuwa Waksaveri kutoka Italia. Wa nne alikuwa padre wa jimbo, mwenye damu ya Kikongo na ya Kifaransa. Wote waliuawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi ya Wasimba. Bruda Faccin na Padre Carrara waliuawa Baraka. Bruda alipokwisha kupigwa risasi, Padre Carrara aliamriwa kupanda gari. Akakataa, akapiga magoti karibu na mwili wa mwenziwe, akauawa hapo. Padre Didonè na Padre Joubert waliuawa jioni ile huko Fizi.

Wale watatu nao walifika Kongo wakiwa wageni. Walijifunza lugha, wakala chakula cha wenyeji, na siku ya hatari hawakuondoka. Mgeni aliyekaribishwa kweli hafanyi hesabu ya njia ya kurudi.

DENI LETU

Wasomaji wapenzi, habari haikuishia pale. Mwezi wa Desemba 2025 vita viliufikia mji wa Uvira. Makumi ya maelfu ya watu wakavuka kuingia Burundi, wengine kwa njia ile ile ya Gatumba, wakiwa na vifurushi kichwani na watoto mgongoni. Waliotukaribisha sasa wakawa wageni, wakabisha hodi katika nchi ya wengine, wala hawakuwa na sherehe ya kuwapeleka.

Na sisi wa Kigoma twaijua hodi hiyo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianza kupokea Wakongo mwaka 1996. Pengine twawaona sokoni, twawahesabu kuwa mzigo. Hebu tukumbuke chumba kile kimoja kikavu. Mwenye kutoa chumba hicho hakuulizwa kama anavyo vingine vya kutosha. Alikuwa na kimoja, akakitoa. Siku ya mwisho Bwana wetu hatatuuliza tumepita nchi ngapi, bali nani aliyebisha mlangoni petu, na tulimjibu neno gani.